Rubani Katika Bahari ya Pili

Nani ni mwepesi zaidi kufundishwa PostgreSQL: kijana ambaye hajawahi kugusa kanzidata yoyote, au mtu aliyesimamia Oracle kwa miaka 16? Wengi watamtaja wa pili. Huyo anajua jedwali ni nini, anajua faharasa inasaidia wapi na inaumiza wapi, anajua muamala unavyofungwa, na ameshaamshwa saa nane za usiku kwa sababu diski imejaa. Kwa zaidi ya mwaka sasa nimekuwa karibu na mtu wa namna hiyo, na nilichokiona ni kwamba miezi yake ya kwanza ilikuwa migumu kuliko ya vijana. Kijana anajifunza mfumo mmoja. Mzoefu anajifunza mfumo mpya, na papo hapo anagundua kwamba mengi aliyoyaita "kanzidata" yalikuwa ni Oracle tu.

Mtu huyo nitamwita Dada, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita nilipokuwa chini yake kazini kwa miaka mitatu kabla ya kuanza shahada ya uzamili. Ofisi yetu iliamua kuhama kutoka Oracle kwenda PostgreSQL. Sababu zilikuwa zile zinazotajwa kila mahali: leseni zinalipiwa kwa fedha za kigeni, na PostgreSQL ni programu huria isiyo na leseni ya kulipia. Katika kikao kimoja mtu alisema vijana wapya wote wanaijua PostgreSQL tangu chuoni, hivyo hakuna shida. Dada alikuwa amekaa safu ya mbele. Hakusema kitu. Ukutani kwake kulikuwa na vyeti vya Oracle ambavyo baadhi alivilipia kwa mshahara wake mwenyewe, na kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitwa mambo yanapoharibika. Sasa alikuwa anaambiwa, kwa adabu, kwamba anachokijua hakitahitajika tena.

Tasnifu yangu inahusu historia ya mifumo ya kanzidata, kwa hiyo akawa ananipigia simu. "Mdogo wangu, hebu niambie, hawa kwa nini wamefanya hivi?" Hakuwa anauliza namna ya kufanya. Namna iko kwenye mwongozo, na mwongozo wa PostgreSQL ni mzuri. Alikuwa anauliza sababu. Kila nilipoitafuta sababu nilijikuta nimerudi kwenye miaka ya 1970 na 1980, kwa watu waliosoma makala zilezile, wakabishana, kisha kila mmoja akaenda kujenga kwake.

*

Kanzi ni hazina, mali iliyowekwa. Hazina za hadithini humhitaji mtu anayejua njia ya kuzifikia, na kanzidata za mwanzo zilikuwa hivyohivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Charles Bachman, akiwa katika kampuni ya General Electric nchini Marekani, alibuni mfumo ulioitwa IDS. Ndani yake rekodi zilishikana kwa vielekezi: kutoka kwa mteja unafuata kielekezi hadi oda yake ya kwanza, kutoka oda hiyo hadi inayofuata, na kutoka hapo hadi bidhaa iliyoagizwa. IBM nayo ilijenga IMS, mfumo uliopanga data kama mti wenye matawi, na ambao asili yake ni kazi ya kufuatilia vipuri katika mradi wa Apollo wa kwenda mwezini. Mwanaprogramu wa mifumo hii alilazimika kujua data imekaaje, aanzie wapi, apite wapi na arudi vipi.

Mwaka 1973 Bachman alipewa Tuzo ya Turing, na hotuba yake aliipa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "Mwanaprogramu kama Rubani". Ni rubani kwa maana ya zamani ya pwani, yule anayekiongoza chombo kwa sababu anajua miamba iko wapi na mkondo unavuta upande gani. Bachman alifananisha mageuzi ya wakati wake na yale ya Copernicus. Kama watu walivyolazimika kukubali kwamba dunia si kitovu, wanaprogramu nao wangelazimika kuacha kuiona kompyuta kuwa kitovu, na kuiona data kuwa anga wanamosafiri. Kwake, kujua kusafiri humo ilikuwa ndiyo taaluma yenyewe.

Lakini miaka mitatu kabla ya hotuba hiyo, mtu mwingine alikuwa ameshaandika kwamba msafiri huyo hahitajiki. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM mjini San Jose, alichapisha mwaka 1970 makala iliyopendekeza kwamba data yote ikae katika majedwali, na mtu aseme anataka nini bila kueleza njia ya kukifikia. Njia iwe kazi ya mashine. Kuna jambo katika maisha ya Codd ambalo msemaji wa Kiswahili halimpiti bila tabasamu: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia yeye mwenyewe alikuwa rubani, wa ndege, katika jeshi la anga la Uingereza.

Pande hizo mbili zilikutana kwenye mdahalo mwaka 1974, huko Ann Arbor, Michigan. Katika mkutano huohuo vijana wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, waliwasilisha makala kuhusu lugha waliyoiita SEQUEL. Baadaye jina lilifupishwa kuwa SQL kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa alama ya biashara ya kampuni nyingine. Boyce alifariki mwaka huohuo, akiwa bado kijana, bila kuona lugha yao ikienea duniani.

Katika historia hii yote, anayenivuta zaidi ni Chamberlin. Kabla ya kukutana na mawazo ya Codd alikuwa ameusoma mfumo wa vielekezi mpaka akaumudu. Miaka mingi baadaye alisimulia siku alipomsikia Codd akieleza maswali magumu ya kuiuliza data. Yeye, kwa kuijua njia ya zamani, aliweza kuona akilini kila swali likiwa programu ya kurasa tano inayopita kwenye msitu wa vielekezi. Codd alikuwa akiliandika kwa mstari mmoja. Ninavyoliona mimi, mtu asiyezijua zile kurasa tano asingeshtuka. Angeuona mstari mmoja kuwa ni mstari tu. Chamberlin alishtuka kwa sababu alikuwa mzoefu, na uzoefu wake ndio uliomwonyesha ukubwa wa kilichobadilika.

Waliopinga mawazo ya Codd hawakuwa wajinga. Walisema mashine haitaweza kuchagua njia nzuri kama anavyochagua binadamu, na kwa kompyuta za wakati ule hoja hiyo ilikuwa na uzito. IBM ilitumia miaka kadhaa kujenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R, na mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake walichapisha maelezo ya jinsi mfumo huo unavyokadiria gharama ya kila njia kisha kuchagua iliyo nafuu. Ujuzi wa rubani ulikuwa umeingizwa ndani ya programu.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya Dada ndani ya PostgreSQL ilikuwa rahisi mahali ambapo vijana waliona giza. Amri ya EXPLAIN inaonyesha njia ambayo mfumo umechagua: unasoma jedwali zima au unapitia faharasa, unaunganisha majedwali kwa namna gani, unatarajia kupata mistari mingapi. Maneno yalikuwa tofauti na ya Oracle, lakini Dada aliusoma mpango huo siku ya pili kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Aliuona mfumo ukikisia mistari 10 mahali palipokuwa na maelfu, akasema takwimu za jedwali zimechakaa. Na zilikuwa zimechakaa.

*

Ugumu ulianza kwenye maneno yaliyofanana. Mkenya akikuambia anampeleka bibi yake hospitali, Mtanzania anaweza kumwonea huruma mzee wa watu, kumbe anayezungumziwa ni mke. Neno la kigeni kabisa halina hatari hiyo, maana utauliza. Linalopotosha ni lile unalodhani unalijua.

Katika Oracle ya kawaida, ukimtengeneza mtumiaji umetengeneza pia skima, yaani eneo lenye majedwali yake, na viwili hivyo hubeba jina moja. Katika PostgreSQL mtumiaji ni kitu kimoja na skima ni kingine. Mtumiaji mmoja anaweza kumiliki skima nyingi, au asimiliki hata moja. Ukisema "klasta" kwa mtu wa Oracle atafikiria mashine kadhaa zinazosaidiana. Mwongozo wa PostgreSQL huliita klasta kundi la kanzidata zinazohudumiwa na seva moja tu. Ukiandika jina la jedwali bila kulifunga kwa alama za nukuu, Oracle hulihifadhi kwa herufi kubwa na PostgreSQL kwa herufi ndogo. Hata kuuliza saa kulikuwa na desturi yake. Kwa miaka yote Dada aliandika FROM DUAL mwishoni mwa swali kama hilo, kwa sababu Oracle ilidai kila swali litaje jedwali, na DUAL ni kijedwali chenye mstari mmoja kilichowekwa kwa kazi hiyo. Jina hilo maana yake ni uwili, na aliyekibuni, Chuck Weiss, alikusudia kitumike kuzalisha mistari miwili kutoka mmoja. Kusudi hilo lilisahaulika, jina likabaki. Oracle yenyewe imekuja kuliondoa sharti hilo katika toleo la 23.

Kwa nini mifumo miwili iliyozaliwa na wazo moja itofautiane hivi? Jibu liko kwenye nyumba zilizoilea. Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walianzisha kampuni yao mwaka 1977. Walisoma makala za IBM kuhusu SQL, na mwaka 1979 wakatoa bidhaa waliyoiita Oracle toleo la 2. Toleo la 1 halikuwahi kuuzwa. Waliingia sokoni kabla ya IBM yenyewe, na kabla hapajawa na kiwango rasmi cha SQL, hivyo mambo mengi waliamua wenyewe na wateja wakayazoea.

Upande wa chuo kikuu cha Berkeley, California, Michael Stonebraker na Eugene Wong walikuwa wamesoma makala zilezile za Codd na kuanza mradi wa Ingres mwaka 1973. Wao hawakutumia SQL. Walikuwa na lugha yao, QUEL, ambayo wengi waliisifu kuwa safi zaidi. Stonebraker alipoanza mradi mpya mwaka 1986 aliuita Postgres, yaani kilichokuja baada ya Ingres, na lugha yake ikawa mtoto wa QUEL. Lakini mwaka huohuo wa 1986 taasisi ya viwango ya Marekani iliipitisha SQL kuwa lugha rasmi, na soko likafuata. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Berkeley, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiondoa lugha ya zamani ndani ya Postgres wakaiweka SQL. Mfumo ukaitwa Postgres95, na mwaka 1996 ukapata jina la PostgreSQL.

Nilimweleza Dada kwamba mfumo anaoona haya kuujifunza ukubwani nao ulijifunza SQL ukubwani, baada ya lugha yake ya kuzaliwa kushindwa sokoni. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu kile kikao. "Kumbe na wao walirudishwa darasani."

*

Kisha akafika kwenye VACUUM, na kicheko kikakauka.

Fikiria watu wawili wanaitumia kanzidata kwa wakati mmoja. Mmoja anatoa ripoti ya salio la wanachama wote, kazi ya nusu saa. Mwingine, katikati ya nusu saa hiyo, anabadilisha salio la mwanachama mmoja. Mtoa ripoti aone salio lipi? Oracle na PostgreSQL zote hujibu kwamba aone hali ilivyokuwa alipoanza kuuliza, na kwa hilo lazima nakala ya zamani ya mstari ihifadhiwe mahali. Oracle huandika thamani mpya palepale na kuisogeza ya zamani kwenye eneo la pembeni. Eneo hilo lina ukomo. Likijaa, ripoti ndefu hukatika na ujumbe ORA-01555, ambao kila msimamizi wa Oracle anaujua kwa namba kama anavyojua namba ya simu ya mama yake.

PostgreSQL haifuti mahali. Huandika mstari mpya ndani ya jedwali na kuuacha wa zamani hapohapo mpaka kazi iitwayo VACUUM ipite na kuliachilia eneo hilo litumike tena. Jedwali linalobadilishwa sana lisipofagiliwa hunenepa bila data kuongezeka. Zaidi ya hapo, namba zinazotambulisha miamala ni za biti 32, yaani zipo takriban bilioni 4, na huzunguka. Mistari ya zamani isipowekewa alama na VACUUM kwa wakati, mfumo hukataa miamala mipya ili kuilinda data isionekane kama imetoka wakati ujao.

"Ni nyumba gani hii," Dada alisema, "watu wanakula na kuacha vyombo mezani wakisubiri mtu wa kufagia?"

Swali hilo lilinipeleka kwenye makala ya Stonebraker ya mwaka 1987 kuhusu muundo wa uhifadhi wa Postgres, na humo ufagio una sura nyingine kabisa. Stonebraker alitaka mfumo usiofuta kitu. Kila hali iliyowahi kuwepo ibaki, ili mtu aweze kuuliza mshahara wa fulani ulikuwa kiasi gani tarehe fulani miaka iliyopita. Mistari ya zamani haikuwa uchafu, ilikuwa ndiyo historia. Kazi ya kile kifagio ilikuwa kuichukua mistari hiyo taratibu na kuihamishia kwenye hifadhi ya kudumu, ambayo wakati huo walitarajia ingekuwa diski za mwanga zinazoandikwa mara moja tu. Kwa maneno mengine, VACUUM ilianza maisha ikiwa mtunza nyaraka.

Uwezo huo wa kuuliza yaliyopita ulionekana kuwa mzigo kwa kasi na kwa nafasi, na mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa kujitolea walioirithi PostgreSQL waliuondoa. Uhifadhi usiofuta ulibaki. Mtunza nyaraka akabaki kazini bila nyaraka za kutunza, akawa mfagiaji. Kwa miaka mingi wasimamizi walilazimika kumwita wenyewe au kwa ratiba. Siku hizi anajituma, na hiyo ndiyo hali ya kawaida tangu toleo 8.3 la mwaka 2008.

Dada ana daftari. Limegawanywa safu mbili, kushoto "Kwetu" na kulia "Kwao", na ndani yake aliandika kila tofauti aliyokutana nayo. Siku nilipomsimulia habari ya mtunza nyaraka alichora safu ya tatu na kuiandika "Kwa nini". Baada ya hapo VACUUM haikumkera tena. Aliacha kuiona kama uzembe wa watu wa Berkeley, akaiona kama nyumba iliyojengwa kwa familia kubwa ambayo baadaye ilipungua. Ukijua chumba kilijengwa kwa ajili gani, unaacha kugombana na mlango wake.

*

Mpaka hapa ningeweza kumalizia kwa kusema historia humtuliza mzoefu. Lakini kulikuwa na siku ambapo uzoefu wake ndio uliookoa kazi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ile kauli ya kikaoni ilikuwa imekosea.

Tulikuwa kwenye majaribio ya kuhamisha. Data ilikuwa imehamishwa, idadi ya mistari kwenye kila jedwali ilikuwa sawa pande zote mbili, na vijana walikuwa wameshaanza kupongezana. Kisha ikatolewa orodha ya majina. Katikati ya orodha kulikuwa na nafasi tupu: namba ya mwanachama ipo, tarehe ya kujiunga ipo, jina hakuna. Hawakuwa watu wawili watatu. Mmoja wa vijana alisema data imepotea njiani na inabidi kuhamisha upya. Mwingine alikuwa ameshaanza kuandaa kazi hiyo.

Dada aliomba namba tano kati ya zile zisizo na majina. Akafungua mfumo wa zamani, akazitafuta moja baada ya nyingine. "Hawa wote wana majina mawili," alisema. "Hakuna aliye na jina la kati."

Ilimchukua dakika chache, kwa sababu alijua tabia ambayo data hiyo ililelewa nayo. Katika SQL, NULL ni alama ya kutokuwepo kwa thamani. Kiwango rasmi kinasema ukiunganisha maneno na kitu kisichojulikana, matokeo nayo hayajulikani, na PostgreSQL inafuata hivyo. Jina la kwanza, ukiliunganisha na jina la kati ambalo ni NULL, kisha na jina la ukoo, linakupa NULL. Mtu mzima anafutika kwa kukosa jina moja. Oracle haifanyi hivyo. Kwake, neno lisilo na herufi hata moja na NULL ni kitu kilekile, na katika kuunganisha huichukulia NULL kama nafasi tupu, kisha hulitoa jina likiwa zima. Tabia hiyo imekaa humo kwa miongo. Mwongozo wa Oracle umekuwa ukitahadharisha kwamba huenda siku moja ikabadilika, na hiyo ndiyo sababu watu wake huambiwa watumie aina ya safu iitwayo VARCHAR2 badala ya VARCHAR. Haijabadilika, kwa kuwa programu nyingi mno zinaitegemea.

Tatizo lilikuwa na upande wa pili, na huo pia aliuona Dada. Fomu ya kuandikisha wanachama ilikuwa ikituma neno tupu pale jina la kati lisipojazwa. Oracle ililigeuza kuwa NULL. PostgreSQL ingelihifadhi kama lilivyo. Kwa hiyo tangu siku ya kuhama, wasio na jina la kati wa zamani wangekuwa na NULL na wapya wangekuwa na neno tupu. Ripoti ya kuwahesabu ingewapata wa zamani tu, bila kutoa kosa lolote. Hakuna aliyefundishwa PostgreSQL peke yake ambaye angeliona hilo, kwa sababu ndani ya PostgreSQL hakuna kilichoharibika.

Suluhisho halikuwa kubwa. Sehemu za kuunganisha majina ziliandikwa upya kwa kutumia concat, ambayo hairuhusu NULL kuwameza wengine, na fomu ikarekebishwa ili iwe na tabia moja. Lakini nilirudi kwa Codd kuangalia alifikiri nini kuhusu pengo hili, nikakuta hakuridhika nalo. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alipendekeza alama mbili za kukosekana: moja kwa kitu kilichopo ila hakijulikani, nyingine kwa kitu ambacho kwa mtu huyo hakipo kabisa. Mtu ambaye jina lake la kati halikuandikwa si sawa na mtu asiye nalo. Lugha ya SQL haikuwahi kuchukua pendekezo hilo. Oracle ilikunja mambo mawili pamoja kwa njia yake, kiwango rasmi kikaacha NULL moja ibebe maana zote, na gharama yake ikaja kulipwa na watu wenye majina mawili kwenye orodha yetu.

*

Si kila mtu alifika. Mwenzake Dada, wa rika lake na mzoefu kama yeye, aliomba kuhamishiwa idara nyingine kuliko kukaa darasani na watu aliowafundisha kazi. Simlaumu. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na taabu yake kubwa ni kwamba ukiyavua hadharani unajiona uchi. Ofisi zinapopanga kuhama mfumo hupiga hesabu ya leseni, ya seva na ya mafunzo ya wiki mbili. Sijaona mahali hesabu inapopigwa ya heshima ya mtu anayetakiwa kuwa mwanafunzi tena mbele ya wadogo zake, wala ya kile ambacho ofisi inapoteza akiondoka na ujuzi wa tabia za data ya zamani.

Lakini nimeona pia kitu kingine. Kuna jioni moja Dada aliandika BEGIN, kisha akalifuta jedwali zima la majaribio kwa DROP TABLE, kisha akaandika ROLLBACK. Jedwali likarudi. Katika Oracle amri ya namna hiyo hufunga muamala yenyewe papo hapo. Lipo pipa la taka la kukuokoa tangu toleo la 10g, lakini kurudi nyuma kwa ROLLBACK hakupo. Alirudia mara tatu, akilifuta na kulirudisha, huku akicheka peke yake kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Miaka 16 ya kuogopa amri moja ilikuwa imemwandaa kuifurahia jioni hiyo. Vijana waliokuwa pembeni walimtazama bila kuelewa kinachochekesha.

Wiki iliyopita alinipigia tena. Kuna taasisi nyingine inataka kuunganisha mfumo wake na wao, na kwao wanatumia SQL Server ya Microsoft. Zamani angeuliza kwa nini wanafanya hivi au vile. Safari hii aliuliza, "Na hawa wametokea nyumba gani?" Nikamwambia SQL Server ilianza kwa msimbo wa kampuni iitwayo Sybase mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwamba Robert Epstein, mmoja wa waanzilishi wa Sybase, alitoka kwenye mradi wa Ingres wa Berkeley.

"Basi ni binamu," alisema, na nikasikia karatasi za daftari zikifunuliwa upande wa pili wa simu.